Siku Niliacha Kusema "Anasema"

Bandugu, haya yangu nitaitosha inje miye mwenyewe, juu nimechoka kuisikia kwa bantu benye habakuwa pale. Kuanzia Mununga mpaka ku kisiwa cha Kilwa, ile ya mu ziwa yetu, hakuna bwato yenye haijabeba hii habari, na kila mutu anaongeza chumvi yake: huyu anasema nilianguka chini mbele ya bantu, ule anasema nilikuwa mulevi, mwingine (huyo nikimukamata tutaonana) anasema nililia mpaka kamasi. Uongo yote. Sikuanguka, sikulewa. Kulia, bon, nililia kidogo, nitabaambia ilikuwa juu ya nini. Nilipata haya mbele ya soko nzima, ni kweli, na mpaka leo nikikumbuka masikio inawaka moto, lakini zaidi ya haya ni kasirani. Nakasirikia Musonda, nakasirikia ile bafle yake ya kupaza sauti, nakasirikia soko yote ya Kashikishi na wauza samaki wake, na miye mwenyewe njo najikasirikia kupita bote. Basi musikilize, na mutu akicheka mbele sijamaliza, naondoka.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa nimevuka ziwa kutoka Pweto, upande wa Congo, na mizigo yangu ya sabuni na bitenge, nikapanga nyumba Nchelenge, nikapata meza yangu ku soko ya Kashikishi, pale karibu. Bantu ba pale banaongea Kibemba yao, na Kiswahili kwao ni ya soko tu, ya kuuza na kununua: samaki, bei, punguza, ongeza, leta, kesho. Ukitoka kidogo tu pale, umebaacha njiani, banakuangalia na kutingisha kichwa kwa heshima.

Na pale ku soko njo nilimuona Mwape. Sitamusifu sana, mutasema naongeza. Alikuwa anauza chisense, vile bisamaki bidogo-bidogo bya kukausha ku jua, na kama muteja anamusumbua hasemi kitu, anamuangalia tu, anamuangalia, mpaka muteja mwenyewe anaomba radhi. Nikamupenda. Mwaka muzima nilikuwa nanunua chisense yenye sikuhitaji, nyumba yangu ikanuka mpaka jirani akaniuliza kama nataka kufungua ghala. Bazazi yake balikuwa bamekufa, alikuwa anakaa na dada ya baba yake, Ba Bwalya, mayosenge banavyosema kwa Kibemba, na mayosenge kwao siyo shangazi wa kuchekelea. Yeye akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana, hata baba ya mutoto angekuwa hai angenyamaza.

Sasa, kwa Babemba, mwanaume haende mwenyewe kwa bakwe kujisemea. Unatafuta mutu wa katikati, banamuita shibukombe, anaenda kusema kwa jina yako, na weye unakaa kimya na adabu yako. Miye nilimuchukua Musonda, juu alikuwa anajua Kibemba ya heshima, anajua Kiswahili yetu, tena alikuwa na nyumba ya video pembeni ya soko, mutu wa kujulikana. Kusema ukweli alifanya kazi yake muzuri, Ba Bwalya akakubali, na ikabaki tu siku ya kunionyesha moto. Icilanga mulilo, njo jina yake: bamama ba upande wa bibi banapika chakula ya kila namna, banabeba ku kichwa na nyimbo mpaka kwa mwanaume, na toka siku ile unaweza kula moto ya kwao sawa mutoto wa nyumba. Bila ile, hakuna ndoa, mutu asikudanganye. Yetu iliwekwa Siku ya Mungu, Jumapili, saa sita. Nilikuwa nimefagia lupango yote, uwanja wa nyumba, nimeazima mikeka, nimepiga pasi shati mupya, na Mwape alikuwa akinipita ku soko anaangalia chini na kucheka peke yake.

Siku ya posho, Jumamosi, kesho yake njo chakula inakuja, Musonda akafika ku meza yangu mbio-mbio, jasho inamutoka.

"Dede, ndugu yangu, unisaidie. Nimepata filme mupya ya mapendo, nyumba imejaa, lakini nusu ni Bakongomani benzako, habasikie Kingereza, banapiga kelele. Kuja unitafsirie."

"Miye Kingereza yangu ni ya kuuzia sabuni."

"Inatosha. Mapendo haina maneno mingi."

Ningesema hapana. Ningesema naumwa tumbo, ningesema chochote. Lakini mutu mwenye amekusemea kwa bakwe, mutu mwenye kesho yake atakaa mbele ya chakula yako akueleze kila sahani inasema nini, utamukatalia namna gani? Nikafunika meza na hema, nikamufuata.

Ndani mule joto ilikuwa ya kuchemsha yai. Bantu balikaa ku benchi, bengine chini, television mbele juu ya meza, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Musonda akanipatia mikro ya kusemea, akanionyesha waya yake imefungwa ku betri ya gari, na kutoka pale inaenda ku bafle, ile sanduku kubwa ya kutoa sauti. Bafle yenyewe iko wapi, sikuuliza. Nilisikia sauti yangu inatoka juu-juu, nikafikiri imefungwa ku mabati. Kumbe, bandugu, alikuwa ameitundika inje, juu ya mulango, imeangalia soko, juu ya kuita bateja! Na sauti ya filme, muziki yake na maneno yake, haikupita mule hata kidogo, ilipita sauti yangu peke yake. Musonda hakuniambia. Nikikutana naye mpaka leo namuuliza, "Musonda, siku ile kinywa yako ilikuwa na kazi gani?" na yeye anaangalia ziwa.

Filme yenyewe ilikuwa ya muzungu mumoja mwembamba, fundi wa masaa. Anapenda bibi mwenye kuuza maua, banatembea mu mvua (bazungu na mvua sijue bana nini), banacheka, nyuma bwana anaanza kuchoka-choka, anaenda ku lopitalo, na dokita anamuambia damu yake imeharibika, hana siku mingi. Sasa anaogopa kumuambia bibi, mwisho anamuambia. Njo habari yote. Lakini namna balivyoifanya, mutu mwenye roho lazima ikuguse.

Nilianza vizuri, sawa mutafsiri wa kanisa. "Bwana anasema, yambo mama. Bibi anasema, yambo. Bwana anasema, haya maua ni ya rangi gani. Bibi anasema..." na mbele sijamaliza ya bibi, bale bamekwisha kutoka ku duka, bamepanda treni, bamegombana na bamesameheana. Bantu bakaanza kupiga kelele. Mama mumoja wa Pweto, muuza mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, sauti yake inapasua ukuta, akasema:

"Weye Dede, anasema anasema mpaka lini? Bamekwisha kubusiana weye ungali ku maua! Utuambie maneno tu, tunaona wenyewe nani anasema!"

Bote bakamuitikia. Na alikuwa na haki, kusema kweli. Basi pale njo nilikosea, neno moja tu, kitu ya kijinga sana: niliacha kusema "anasema". Bwana akisema nakupenda, miye pia nasema nakupenda, moja kwa moja, sauti nzito. Bibi akijibu, nageuza sauti nyembamba, najibu. Jina ya bibi ilinipita, nikamupa Suzana. Na ikaanza kutiririka, bandugu, ikaenda vizuri kabisa! Bantu bakanyamaza. Bamama bakashika mashavu. Sitabadanganya, nilifurahi, nikasimama ku kiti, nikaanza kurusha mikono, nikajisikia hii njo kazi Mungu aliniumbia, sabuni ilikuwa makosa.

Tukafika kwa dokita. Dokita akataja ugonjwa, neno ndefu ya Kingereza sawa jina ya dawa, sijawahi kuisikia mbele, sijaisikia tena nyuma. Wakati ya kufikiri haiko. Bwana akamukimbilia bibi kumuambia, na miye nikasema kwa mikro, "Miye niko na ile ugonjwa."

Ile ugonjwa! Munakumbuka miaka ile. Upande wa Zambia, upande wa Congo, hakuna mutu aliuliza "ugonjwa gani". Ile ilikuwa ile. Ndani bantu bakasema "Eeeh!" na miye nikaona vile bameguswa, nikaongeza nguvu: "Dokita amenipatia miezi tatu. Sitapona. Suzana, nakupenda, nakupenda weye tu peke yako, hakuna bibi mwingine. Nitakuoa hata kama nakufa! Lakini tafadhali, usimuambie mutu."

Usimuambie mutu, na soko yote inasikiliza.

Nikamujibia Suzana kwa sauti nyembamba, analia mapendo, kisha muzungu akarudi mu chumba yake, akakaa ku meza, akachukua saa ya bibi yenye ilikuwa imekufa, akaanza kuitengeneza na mikono inatetemeka. Pale njo machozi ilinitoka. Kaka yangu mukubwa alikuwa na mikono vile siku zake za mwisho, alikuwa anashindwa kufunga kifungo ya shati. Nikasema maneno ya muzungu, "Suzana, unisamehe," na sauti ikakatika mu mikro.

Sasa muangalie inje (hii nilielezwa baadaye, na mutu mwenye alinieleza alikuwa anashika tumbo kwa kucheka). Ba Bwalya alikuwa pale ku soko na bamama batatu, alikuwa anatafuta mafuta na chumvi na jogoo ya mwisho ya chakula yangu ya kesho. Anasikia sauti ya muchumba wa mutoto wake inatoka hewani. Anasimama. Kiswahili yake ni ya bei, nimekwisha kusema, lakini "ugonjwa" anajua, "dokita" anajua, "kufa" ni kufa kwa Kibemba na kwa Kiswahili, na "ile ugonjwa" hata mutoto wa kunyonya alikuwa anajua. Hapo peke yake inatosha kuvunja ndoa. Lakini shetani hakutosheka, akaongeza maneno mawili yenye iko mu luga zote mbili na kila upande ina maana yake. Kupenda, kwa Kibemba, ni kuhesabu. Kupona, kwa Kibemba, ni kuanguka. Ndiyo! Munashangaa, ninyi? Miye nikasema, "Suzana, nakupenda weye," Ba Bwalya akasikia niko namuhesabu Suzana, kumbe huyu bwana ana bibi za kuhesabu! Nikasema "sitapona", akasikia habari ya kuanguka, kumbe ana na ugonjwa wa kuanguka! Kisha sauti nyembamba ya Suzana mwenyewe inajibu, inalia mapendo, mule ndani, mchana kweupe.

Dakika kumi hazikutimia, na miye nilikuwa na magonjwa mawili na bibi mumoja zaidi, na kumbe nilikuwa nimesimama tu ku kiti ya Musonda. Ku bandari balikuwa banasema natapika damu. Bwato moja iliondoka kwenda Kilwa na habari kwamba Mukongomani wa sabuni hatafika kesho.

Mulango ikafunguka kwa nguvu. Ba Bwalya akaingia na beseni ku kichwa, jogoo mu kwapa, akapita katikati ya bantu bila kuomba njia, akasimama mbele ya television hivi, muzungu wangu akabaki anatengeneza saa yake nyuma ya kitenge ya mama.

"Weye," akasema. "Mugonjwa?"

"Miye? Hapana, Ba Mayo, mama yangu! Niko muzima!"

"Nasikia. Soko yote nasikia. Suzana nani?"

"Suzana haiko! Haiko miye, Ba Mayo, ni ule muzungu njo mugonjwa! Muangalie, uko mbele yake!"

Nikanyoosha kidole. Na wakati ule ule Musonda, mwenye alikuwa anaogopa mama ataangusha television yake, akakimbia nyuma akazima jenereta. Television ikalala. Kidole yangu ikabaki inaonyesha sanduku nyeusi.

Ba Bwalya akageuka, akaangalia ile sanduku. Akanirudilia miye. "Muzungu wapi?"

Bantu bakacheka, Mungu wangu, vile balicheka! Na njo pale nilisikia kicheko ya pili, kubwa kupita ya kwanza, inatoka inje, kutoka soko nzima, na nikaelewa bafle iko wapi. Jenereta ilikuwa imezimika lakini mikro ilikuwa inakula betri. Kila neno, toka yambo mama mpaka muzungu, ilikuwa imetoka inje.

Kasirani yangu munaijua. Inaanza ku magoti, inapanda. Nikamupigia Musonda kelele, "Washa! Washa bantu baone muzungu!" na yeye ananiambia eti jenereta ikizimika hivi inakataa mpaka ipoe. Ipoe! Ba Bwalya ananiangalia tu, bantu banacheka, yule mama wa mafuta ananiuliza kama Suzana ataachiwa urithi, na miye, mutu mwenye alipaswa kupiga magoti na kunyamaza, nikafungua kinywa yangu:

"Huyu mama hasikie kitu! Kiswahili yake ni bei ya samaki tu! Anajua nini ya ugonjwa? Anajua nini ya mapendo? Mujinga, anakuja kuharibu kazi ya bantu!"

Kwa mikro. Ku soko yote. Mayosenge ya bibi yangu.

Kicheko ikakatika. Inje pia ikakatika, ukasikia tu kuku na mabwato yanagongana ku maji. Kwa Babemba mukwe haumuangalie hata mu macho, na miye nilikuwa nimemutukana hewani. Musonda akashika kichwa na mikono mbili. Ba Bwalya angejibu, angenipiga na beseni, ningepona, tungesema ni ugomvi, bantu banagombana na kusikilizana. Yeye alisawazisha tu jogoo yake mu kwapa, akatoka pole-pole, na bantu bakamufungulia njia.

Siku ya Mungu nilitandika mikeka. Ndiyo, nilitandika! Nilivaa na shati. Nilikuwa najiambia Musonda ataenda kueleza, njo kazi yake, na bamama batacheka na kupika. Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Nilikuwa nasikia nyimbo za kanisa upande ule, kila wimbo nasimama. Nyuma ya saa nane Musonda akakuja, peke yake, mikono mitupu.

"Nimebaeleza yote," akasema. "Filme, fundi wa masaa, Suzana, yote. Bamesikia. Hata Ba Bwalya alicheka kidogo ku habari ya kuhesabu."

"Basi banakuja?"

"Dede. Bananiuliza hivi: ugonjwa ilikuwa ya muzungu, sawa. Suzana alikuwa wa muzungu, sawa. Matusi ilikuwa ya nani?"

Nikamufukuza. Nilimuambia bafle yake njo mulozi, nikamurushia na mukeka, akaenda. Nikabaki nazunguka mu lupango nasema peke yangu, sawa kichaa.

Saa kumi Mwape akafika. Alisimama mbali kidogo, ku kona ya nyumba, hakukanyaga mikeka. Mbele hajafungua kinywa, nikaanza miye: mayosenge yako amenipatisha haya, mayosenge yako amefanya bantu banicheke, hata kuuliza vizuri hakuuliza. Aliniacha nimalize. Alikuwa amejifunza Kiswahili ya kweli kwangu, ile mwaka ya chisense, na njo kwa Kiswahili alinijibu, pole-pole, hakutaka nikose neno.

"Ulisema mayosenge hajue kitu ya ugonjwa. Baba yangu alikufa na ile. Mama akamufuata. Ni mayosenge alibaosha bote wawili. Mama alikuwa hawezi kutembea, mayosenge alimubeba ku mugongo mpaka ku lopitalo, juu hakuna mutu alitaka kumugusa. Bantu habakunywa maji kwetu. Sasa anasikia sauti yako inasema ile ugonjwa, inasema miezi tatu, na kesho yake njo ananileta kwako. Weye ungefanya nini?"

Sikuwa najua. Mwaka muzima nilikuwa nakaa karibu na meza yake na sikuuliza bazazi balikufa na nini. Nilisikia haya, sasa ile ya kweli. Na miye haya ikinikamata inageuka kasirani, hata sijue inapita wapi.

"Amesema atasamehe matusi," Mwape akasema. "Anataka kitu moja. Uende ku lopitalo bakutoshe damu, ulete karatasi. Na miye pia nitatoa damu. Tutaenda pamoja kesho."

"Karatasi! Miye? Mutu muzima sawa miye, nabeba magunia, sijalala na homa mwaka yote, nitaenda kupanga mustari bantu banione? Juu ya filme? Juu ya muzungu wa filme nitoe damu?"

Nilipiga kelele mpaka jirani akafunga dirisha. Nilisema heshima yangu, nilisema Babemba bananidharau juu niko mugeni, nilisema maneno yenye hata sikuwa naamini. Yeye ananiangalia tu, vile alikuwa anaangalia bateja ba kusumbua. Kisha akauliza:

"Unakataa juu ya kasirani, ao juu ya woga?"

Bandugu, kaka yangu nimekwisha kubaambia, ile mikono. Sikusema alikufa na nini, na ninyi hamukuuliza. Na miye, mbele sijamujua Mwape, sikuwa malaika, nilikuwa mutu wa kuvuka ziwa, munajua maisha ile. Kila homa ndogo nilikuwa najipima kiuno na mukaba usiku kama nimekonda. Yeye aliniuliza kwa upole kabisa, mulango ilikuwa wazi, ningeingia tu. Nikamuambia, "Toka kwangu!"

Akatoka. Njo neno ya mwisho nilimuambia.

Nilienda ku lopitalo, ndiyo. Miezi kenda nyuma yake. Peke yangu, kofia imeshuka mpaka ku macho. Nilingoja jibu siku zenye sitaki kukumbuka, na siku banaita jina yangu nikaingia na kofia vile vile. Sikuwa na kitu. Damu yangu ilikuwa safi. Nikakaa ku ngazi ya lopitalo nikalia sawa mutoto, muuguzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Nikapanda kinga yangu, ile baiskeli ya mizigo, nikakanyaga bila kupumzika mpaka Kashikishi, karatasi mu mufuko ya shati. Ku meza ya chisense Ba Bwalya alikuwa peke yake. Nikapiga magoti mu vumbi, mbele ya bantu bote, nikamupatia karatasi na mikono mbili, nikasema radhi kwa Kibemba yangu ya kuvunjika. Hakuwa anajua kusoma. Akamupatia jirani yake wa meza, jirani akasoma, akamunongoneza. Ba Bwalya akakunja karatasi vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia.

"Muzuri," akasema. "Lakini umekawia."

Mwape alikuwa amehamia Mwansabombwe, bibi ya mutu mwenye mashamba ya muhogo. Moto balimuonyesha ule bwana, ulikuwa mwezi wa pili sasa. Ba Bwalya akachukua sahani, akanipimia chisense, akanifungia mu karatasi ya gazeti, akanisukumia. "Kula," akasema, na akageukia muteja mwingine.

Sasa bantu bananiambia makosa ni ya Musonda na bafle yake, ao ya ule mama wa mafuta, ao ya Babemba na kuhesabu yao. Miye pia nasema vile nikiwa mu bantu. Mikro sitashika tena mpaka nife, hata ya kanisa, pasta alijaribu nikakataa. Lakini nikiwa peke yangu mu bwato, katikati ya ziwa, sifikirie mikro. Nafikiria ile Siku ya Mungu saa kumi, mutoto ya bantu amesimama ku kona ya nyumba yangu na ameniuliza vizuri. Ningesema naogopa, angenishika mukono tukaenda. Toka siku ile nikiogopa nasema naogopa, na mwenye kucheka acheke.